Tarakimu Mbili Zikibadilishana: Somo la Kompyuta la Sekondari na Karo Unayolipa kwa Simu

Chukulia ni siku ya kufungua shule. Uko stendi ya Voi, matatu ya Wundanyi inakaribia kujaa, mtoto ameshaketi na sanduku limeshafungwa juu. Wewe bado uko nje unamalizia karo kwenye simu. Unaandika namba ya paybill, namba ya mtoto ya shule, kiasi, kisha PIN. Meseji inaingia: malipo yamethibitishwa. Unashusha pumzi, unampungia mkono, gari linaondoka.

Wiki mbili baadaye shule inakupigia. Mtoto ana deni la karo, aje nyumbani au vipi? Unashangaa. Meseji unayo, na pesa ilitoka. Unaifungua tena na kuisoma polepole. Kumbe namba ya mtoto ni 4572, na wewe uliandika 4752. Pesa ilifika shuleni vizuri kabisa, ila iliingia kwenye jina la mwanafunzi mwingine.

Kosa hili si la mtu asiyejua kusoma. Ni la mtu mwenye haraka, na siku ya kufungua shule kila mtu ana haraka. Lakini hebu tukuambie jambo ambalo huenda hulijui: kosa hili lina jina lake, na mwanafunzi wa kidato cha tatu anayesoma Kompyuta amelisoma darasani. Pengine mtu wa kukusaidia usilifanye tena ni huyo huyo aliyekuwa ndani ya matatu.

Leo tunaeleza somo la Kompyuta la shule ya sekondari linafundisha nini hasa, na kwa nini linakuhusu wewe unayetuma na kupokea pesa kwa simu, hata kama hujawahi kugusa kompyuta.

Somo hili si la kubonyeza tu

Wazazi wengi wanafikiri mtoto akisoma Kompyuta anafundishwa kuchapa barua. Kuchapa kumo, lakini ni sehemu ndogo.

Katika mfumo wa 8-4-4, somo hili ni la kuchagua na namba yake kwenye mtihani wa KCSE ni 451. Kidato cha kwanza walianza na sehemu za kompyuta na jinsi zinavyofanya kazi. Kidato cha pili waliingia kwenye lahajedwali, hifadhidata, intaneti na usalama wa data. Kidato cha tatu wanasoma jinsi data inavyochakatwa, jinsi ya kuandika programu na jinsi ya kuunda mfumo kuanzia mwanzo. Kidato cha nne wanamalizia na mitandao na namna teknolojia inavyotumika kwenye benki, hospitali, viwanda na kwingineko.

Mtihani wake una karatasi tatu. Ya kwanza ni ya nadharia. Ya pili mwanafunzi anakaa mbele ya kompyuta na kufanya kazi kwa mikono yake. Ya tatu ni mradi: mtahiniwa anapewa tatizo, na kwa miezi kadhaa anatengeneza mfumo wa kulitatua, pamoja na maandishi yanayoeleza alivyofikiri. Mradi huo ndio unaoonyesha kama mtoto ameelewa au amekariri.

Mfumo wa 8-4-4 unaelekea mwisho, na kundi la mwisho la KCSE litafanya mtihani mwaka 2027. Wale wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10 Januari 2026, wakiwa wa kwanza kabisa kufika sekondari pevu. Kwao, somo la Kompyuta liko kwenye mkondo wa STEM, na linaweza kuwa moja ya masomo matatu ambayo mwanafunzi anachagua. Kwa hiyo swali la "achukue au asichukue?" litaendelea kuulizwa nyumbani kwako, iwe mtoto yuko mfumo gani.

Kosa lenyewe: tarakimu kubadilishana nafasi

Turudi kwenye 4572 na 4752. Tarakimu ni zile zile, hakuna iliyoongezwa wala kupunguzwa. Mbili za katikati zimebadilishana nafasi tu. Darasani wanafunzi wanafundishwa kutofautisha kosa hili na lile la kusoma vibaya, kwa mfano kuandika herufi O mahali pa sifuri, au 1 mahali pa 7.

Wahasibu wana ujanja wa zamani wa kulitambua. Toa namba ndogo kwenye namba kubwa: 4752 kutoa 4572 ni 180. Gawanya kwa 9 unapata 20 kamili, bila baki. Tarakimu mbili zinazofuatana zikibadilishana nafasi, tofauti huwa inagawanyika kwa 9 kila mara. Mwenye duka pale Mwatate ambaye hesabu yake ya jioni imekataa kuingiana kwa shilingi 27, 90 au 180, aanze kwa kutafuta mahali alipogeuza tarakimu. Si lazima liwe ndilo kosa, lakini ni mahali pazuri pa kuanzia.

Sasa swali ambalo wewe mteja una haki ya kutuuliza: kwa nini mfumo haukukataa?

Jibu ni kwamba mfumo ulifanya kazi yake. Uliangalia kama paybill ipo, ikawepo. Hata pale ambapo shule au benki imeunganisha mfumo wake ili namba ya mwanafunzi ikaguliwe kabla ya pesa kupokelewa, kinachoulizwa ni kama namba hiyo ipo kwenye orodha. Na 4752 ipo. Ni mtoto wa mtu mwingine, lakini ipo.

Hapa ndipo penye fundisho kubwa la makala hii, na lingefaa kuandikwa kwenye mlango wa kila ofisi ya bursa: namba halali si lazima iwe namba sahihi. Kompyuta inaweza kujua kama namba ni halali. Kama ni sahihi, yaani kama ndiyo uliyokusudia, ni wewe tu unayejua.

Utauliza: kwa nini basi shule isitumie jina? Hili linajibiwa kwenye mada ya hifadhidata. Kila mtu kwenye orodha anahitaji kitambulisho kimoja ambacho hakuna mwingine anacho. Jina haliwezi. Kwenye shule moja ya Taita unaweza kukuta akina Wakesho watano na akina Mwakio saba, na wawili kati yao wakawa na jina la baba linalofanana. Namba haifanani. Ndiyo sababu bursa anafuata namba, si jina ulilolitaja kwenye simu.

Kuna namna ya kuitega kompyuta ikamate kosa

Wataalamu walishalifikiria tatizo hili zamani. Dawa yao ni kuongeza tarakimu moja mwishoni mwa namba, tarakimu ya ukaguzi, inayotokana na hesabu ya zile nyingine. Namba za kadi za benki zinayo. Namba za ISBN nyuma ya vitabu vya shule zinayo pia.

Hebu tujaribu na 4572. Zidisha tarakimu ya kwanza kwa 5, ya pili kwa 4, ya tatu kwa 3, ya nne kwa 2:

- 4 × 5 = 20
- 5 × 4 = 20
- 7 × 3 = 21
- 2 × 2 = 4

Jumla ni 65. Ukiongeza 1 unapata 66, ambayo inagawanyika kwa 11 bila baki. Basi tarakimu ya ukaguzi ni 1, na namba kamili inakuwa 45721.

Sasa mzazi mwenye haraka anaandika 47521. Kompyuta inapiga hesabu ile ile: 20, 28, 15 na 4, jumla 67. Inaongeza ile 1 ya mwisho: 68. Gawanya kwa 11, inabaki 2. Haikubali. Mfumo unasema "namba si sahihi, jaribu tena" kabla shilingi yoyote haijatoka.

Hesabu hii ni ya kuzidisha, kujumlisha na kugawanya tu. Mwanafunzi anayejifunza kuandika programu anaweza kuigeuza kuwa mistari michache ya maagizo. Na shule ikiamua kutoa namba za namna hii kwa wanafunzi wake wapya, wazazi wangeepushwa na simu nyingi za kulumbana. Mtoto wako akikuambia anatafuta wazo la kufanyia mazoezi kabla ya mradi, mpe hili.

Mpaka hapo, jilinde mwenyewe. Ukituma pesa kwa mtu, jina lake linatokea kabla hujakubali. Ukilipa paybill ya shule au benki, jina linalotokea mara nyingi ni la taasisi, si la mtoto. Kwa hiyo usiangalie jina tu. Isome namba ya akaunti kwa sauti, tarakimu moja moja, huku mtoto akiiangalia kwenye fomu ya shule. Msomaji mmoja, msikilizaji mmoja. Wanafunzi wa Kompyuta wanafundishwa hivi pia: data inayoingizwa na mtu mmoja inakaguliwa na mwingine.

Na kama umeshakosea, usikate tamaa. Pesa iliyoingia kwa namba ya mwanafunzi mwingine wa shule ile ile haijapotea, iko kwenye akaunti ya shule. Usiifute meseji. Nenda kwa bursa nayo, au mtumie ujumbe wenye kodi ya muamala, tarehe, kiasi, namba uliyoandika na namba uliyokusudia. Kama ulikosea paybill yenyewe, tupigie huduma kwa wateja mara moja. Usisubiri kesho, kwa sababu pesa ikishatumika ni vigumu kuirudisha.

Meseji ikichelewa, usitume mara ya pili

Kuna kosa lingine ambalo linauma. Uko mahali mtandao unakatika, labda unapanda milima kuelekea Wundanyi au uko kwenye barabara ya Taveta. Unalipa, simu inazunguka, meseji haiji. Unafikiri haikwenda. Unalipa tena. Jioni zinaingia meseji mbili, na umelipa mara mbili.

Mtoto aliyejifunza kupanga hatua za programu anaweza kukuchorea kinachotokea. Mfumo unapokea ombi lako. Unauliza: PIN ni sahihi? Kama sivyo, simama. Unauliza: salio linatosha kiasi pamoja na ada? Kama halitoshi, simama. Kama linatosha, punguza kwa mtumaji na uongeze kwa mpokeaji. Hatua hizi mbili za mwisho hufanywa kama kitu kimoja: zote zifanyike au zote zisifanyike. Pesa haitakiwi kubaki ikielea katikati. Baada ya hapo ndipo mfumo unatuma meseji.

Umeona meseji iko wapi? Iko mwisho kabisa. Meseji ni taarifa ya malipo, si malipo yenyewe. Pesa inaweza kuwa imeshafika na taarifa ikakwama njiani kwa sababu ya mtandao.

Kwa hiyo meseji ikichelewa, angalia salio kwanza. Likipungua, malipo yalipita. Kama bado huna uhakika, omba taarifa fupi ya miamala. Ukifanya hivyo utajua ukweli bila kulipa mara mbili.

PIN: hesabu ndogo ya kidato cha pili

Mada ya usalama wa data inahusu pia nywila na PIN. PIN ya tarakimu nne ina uwezekano 10,000, kuanzia 0000 hadi 9999. Mwizi akiwa na nafasi tatu za kubahatisha kabla ya akaunti kufungwa, uwezekano wake ni 3 kati ya 10,000. Huo ni ulinzi mzuri.

Lakini ukitumia mwaka wa kuzaliwa umempunguzia kazi sana. Watu wazima wengi wamezaliwa kati ya 1960 na 2009. Hiyo ni miaka 50 tu. Sasa nafasi zake ni 3 kati ya 50. Na kama ameokota simu pamoja na pochi yenye kitambulisho, hahitaji hata kubahatisha.

Fundisho la mwanzo linarudi hapa. Mfumo ukipokea PIN sahihi, unaona ombi halali. Hauwezi kujua kidole kilichobonyeza ni cha nani. Ndiyo sababu tunarudia kila siku: usimpe mtu PIN yako, hata wakala, hata mtu anayesema anatoka kwetu. Sisi hatutakuomba PIN kamwe.

"Mtoto wako amelazwa, tuma pesa haraka"

Wazazi wenye watoto kwenye shule za bweni wanaijua simu hii. Mtu anajiita mwalimu au daktari. Anataja jina la mtoto. Anasema amepata ajali, yuko hospitali, daktari anasubiri pesa. Anataka utume sasa hivi, kwa namba hii.

Angalia jinsi ulaghai huu unavyofanana na 4752. Namba ya simu ni halali, inapokea pesa. Jina la mtoto ni la kweli. Shule ipo. Kila kitu kinaonekana sawa, isipokuwa habari yenyewe si ya kweli. Tapeli anakuharakisha makusudi ili usipate nafasi ya kukagua.

Dawa ni ile ile wanafunzi wanayofundishwa kuhusu data: usithibitishe habari kwa chanzo kilekile kilichokuletea. Kata simu. Pigia shule kwa namba iliyo kwenye fomu ya kujiunga, si namba uliyopewa na huyo aliyepiga. Zihifadhi leo namba za shule na za mwalimu wa darasa kwenye simu yako. Dakika mbili za kuuliza hazitamdhuru mtoto aliye salama, na kama kweli anaumwa, shule itakuambia yuko hospitali gani.

Hali ni hiyo hiyo kwa ile meseji ya "nimekosea kutuma, tafadhali nirudishie". Angalia salio lako kwanza. Kama halijaongezeka, hakuna pesa iliyokosewa. Na kama kweli imeongezeka, mwambie mtumaji apitie huduma kwa wateja badala ya wewe kumrudishia mkononi.

Ukitaka kujua kama jambo hili lina uzito kisheria, Kenya ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya mwaka 2018, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Ukitapeliwa, ripoti polisi na kwetu pia.

Kama mtoto anataka kuchagua somo hili

Usikubali kwa sababu jina linavutia, na usikatae kwa sababu unaogopa gharama. Uliza shule maswali haya:

1. Kompyuta zinazofanya kazi ni ngapi, na wanafunzi wangapi wanatumia moja?
2. Mwalimu wa somo yupo, au wanasubiri?
3. Stima ikipotea, vipindi vya vitendo vinafidiwaje?
4. Kuna malipo ya ziada ya mradi, kama kuchapisha karatasi, na yanalipwa lini na kwa njia gani?

Swali la nne ni muhimu kwetu. Malipo ya mradi yakijulikana mapema, unaweza kuweka kidogo kidogo kila siku ya soko badala ya kukopa wiki ya mwisho. Na yalipwe kwa paybill ya shule, si kwa namba ya simu ya mtu binafsi, ili ubaki na kumbukumbu.

Kama nyumbani hamna kompyuta, mtoto hajaachwa nyuma kabisa. Sehemu kubwa ya somo hili ni kufikiri kwa hatua, na hilo linafanyika kwa kalamu na karatasi. Likizo ikifika, mpe kazi ya kweli. Kama unauza mboga soko la Voi, au ndizi zinazotoka Taveta, mwombe akuandalie jedwali la mauzo ya wiki: tarehe, mteja, kiasi, amelipa kwa simu au taslimu, amebakisha deni gani. Simu ya kawaida ya kugusa inaweza kufungua lahajedwali. Yeye anapata mazoezi, wewe unapata daftari lisilolowa maji.

Na anayetaka kuendelea mbele, njia ipo hapa hapa nyumbani. Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichopata hati yake mwaka 2016, kina masomo ya taaluma za kompyuta. Si lazima kila ndoto ipande treni kwenda Nairobi.

Kabla hujalipa karo nyingine

- Hifadhi namba ya paybill na namba ya mtoto ya shule kwenye simu, ukiziandika kutoka kwenye fomu na si kutoka kichwani.
- Soma namba ya akaunti kwa sauti kabla ya kuweka PIN, na mtu mwingine asikilize.
- Lipa siku moja au mbili kabla, si ukiwa stendi.
- Meseji ikichelewa, angalia salio kwanza.
- Hifadhi meseji ya malipo mpaka bursa akupe risiti.

Jioni ya leo, kama una mtoto wa sekondari nyumbani, mpe namba hizi mbili, 4572 na 4752, umuulize kosa liko wapi na kompyuta ingelikamataje. Akijibu vizuri, siku ya kufungua shule mpe yeye fomu akusomee namba ya akaunti wakati wewe unaiandika kwenye simu.